Picha Zisizo na Majina: Niliyoyasema Kuhusu Mzee Beksiński

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa wachoraji wenzangu hapa Arusha, kuhusu mchoraji wa Poland, Zdzisław Beksiński. Siku ile mvua ilipiga sana, wengi wa Tengeru na Usa River hawakufika na wameniomba niyaweke yote. Nimesikiliza rekodi ya simu nikaandika kama nilivyosema.

Habari za mchana ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu mlioko mbele pale. Wadogo zangu mliosimama mlangoni sogeeni ndani, viti bado vipo, msilowe bure.

Nianze na kijana mmoja, yumo humu ndani, simtaji jina. Alinijia na simu mkononi akasema mwalimu hebu ona. Nikaona. Kitu kama mtu, kinatambaa kwa mikono na miguu, kimekonda mpaka mifupa unaihesabu, kichwa chote kimezungushiwa bandeji, na huko nyuma mji unaungua. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mwalimu, huyu mzee alikuwa na majini?

Sikumjibu siku ile. Nikamuuliza umeitoa wapi, akasema zinazunguka tu, watu wanatumiana usiku, na chini yake wanaandika kwamba aliyezichora mke wake alikufa, mtoto wake akafa, mwenyewe akauawa, kwa hiyo ni picha za laana, ukikaa nazo zitakufuata.

Ndugu zangu, kauli hiyo iliniuma. Iliniuma kama mchoraji. Yani mtu anakaa mbele ya ubao wake miaka na miaka, kila siku ya Mungu anachora, halafu akishakufa kazi yake yote tunaifungia kwenye neno moja, majini. Hivi nyie mngekubali? Wewe dada uliyekesha wiki nzima unatafuta kahawia moja ikae sawa, ungekubali waseme ni jini ndo limechora?

Basi leo namzungumzia huyo mzee. Zdzisław Beksiński, wa Poland. Jina la kwanza ulimi unakwama, tutumie hilo la pili. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1929 kwenye mji mdogo unaitwa Sanok, kusini mashariki mwa Poland, mji uko pembeni ya mto San. Ushikeni huo mto.

Vita vinaanza Septemba 1939, mtoto ana miaka kumi. Mjerumani anaingia kwa magharibi, Mrusi wa Stalin anaingia kwa mashariki, wanaigawana nchi katikati kama watu wanaogawana ng'ombe wa jirani, na kule kwao mpaka ukawa huo mto San. Sanok mjini ni kwa Mjerumani, ng'ambo, unapaona kwa macho, ni kwa Mrusi. Sasa sikilizeni. Watu wa upande wa mashariki walipakiwa kwenye treni, familia nzima nzima, wakapelekwa Siberia na huko kwenye baridi. Waliopona wakaja kutolewa kupitia Uajemi, na baadhi yao mnajua walifikia wapi?

(Sauti ukumbini: Tengeru!)

Tengeru. Hapo hapo. Yale makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, misalaba imejipanga na majina ambayo hatuwezi kuyatamka, wale ni watu wa upande ule wa mashariki. Sisemi Beksiński alifika Tengeru, hakufika, yeye alibaki Sanok chini ya Mjerumani. Nasema tu mkisikia Poland msidhani ni mwezini. Watoto wa rika lake, waliozaliwa upande wa pili wa mpaka ule, wamelala kilomita chache kutoka hapa tulipo.

Kwa hiyo huyu mtoto alikua ndani ya nchi inayochinjwa. Mji wake ulikuwa na Wayahudi wengi, vita vinaisha hawapo. Watu wengi wakiona zile picha wanasema ndo hapo zilipotoka, ni vita. Inawezekana. Ila mwenyewe hakupenda mtu amfungulie picha zake namna hiyo kama anafungua kopo la maharage, na mi namheshimu kwa hilo, kwa hiyo naliacha hapo tuje kwenye kazi.

Alisoma usanifu majengo kule Kraków, akamaliza mwaka 1952. Mwaka uliotangulia, 1951, alikuwa ameshamuoa Zofia. Mshikeni na Zofia, huyo nitamrudia kwa sababu wengi wakimsimulia huyu mzee wanampita mama huyu kama fenicha. Kumaliza shule akapelekwa saiti, msimamizi wa ujenzi, saruji na nondo na kelele za mafundi. Aliichukia hiyo kazi. Sio kwamba haikumpendeza, aliichukia. Mwaka 1955 akarudi kwao Sanok, na baadaye akaingia kiwandani kuchora mabasi.

Ndio, mabasi. Na hapa kuna kisa ambacho mimi nakipenda sana. Mwaka 1832 watu wawili, Mateusz Beksiński na mwenzake Walenty Lipiński, walianzisha karakana pale Sanok. Karakana ikakua, ikaja kutengeneza mabehewa, ikaja kuwa kiwanda cha mabasi cha Autosan. Huyo Mateusz ni baba wa babu yake. Kwa hiyo kitukuu anaingia mlangoni pa kiwanda kilichoanza na mzee wake, anaingia kama mwajiriwa, anapewa meza na penseli, chora bodi la basi. Na alichora kweli. Kuna basi dogo la majaribio linaitwa Alfa, la mwanzoni mwa miaka ya 60, litafuteni mkifika nyumbani, mtu akikuonyesha bila kukwambia mwaka huwezi kuamini ni la wakati ule.

Kwa nini nawaeleza habari za mabasi? Kwa sababu humu ndani kuna mtu anachora mabango ya saluni, kuna mtu anaandika maneno nyuma ya Hiace, kuna mtu jana alikuwa anapiga rangi geti, na ukimuuliza anaona aibu, anakwambia hiyo ni kazi ya kula tu mwalimu, usanaa wenyewe bado. Ndugu yangu, mkono ni huo huo mmoja. Angalieni majengo kwenye picha za huyu mzee. Ana makanisa makubwa ajabu, yamepanda juu kama yamefumwa kwa mizizi na mifupa, hakuna jengo kama hilo duniani, lakini linasimama! Ukuta unabeba, nguzo inabeba, unaona kabisa uzito unashukaje mpaka chini. Hiyo siyo ndoto peke yake. Huyo ni mtu aliyesimama saiti akijua dari isiposhikwa itaanguka. Ile kazi aliyoichukia imo mle kwenye picha, kila siku yake imo.

Hakuanza na rangi. Alianza na kamera. Miaka ya 50 alikuwa mpiga picha, mkali kweli kweli, alimpiga sana Zofia, kuna moja ya mwaka 1957 mwili umefungwa kamba zinakaza ngozi, watu waliiona wakashtuka. Halafu kamera akaiacha. Akatengeneza vitu vya kubandika ukutani vya chuma na plasta, akaacha. Akachora kwa penseli na wino. Unaona mtu anayetafuta. Anaingia mlango huu, anaona siyo, anatoka, anaingia ule. Mwaka 1964 mtu mmoja wa sanaa anaitwa Janusz Bogucki akamwandalia maonesho Warsaw, na kila kilichotundikwa kikanunuliwa. Kila kitu. Ana miaka 35, anatoka mji mdogo mpakani, hajasoma shule ya sanaa hata siku moja.

Ndo baada ya hapo akazama kwenye rangi ya mafuta, na hapa naomba mafundi mnisikilize vizuri. Hakuchora kwenye kanvasi. Alichora kwenye hadibodi. Hadibodi hii hii mnayoijua, ya kuzibia nyuma ya kabati. Anaiandaa mwenyewe, kisha anaanza. Nendeni leo dukani mkaulize bei ya kanvasi halafu mkaulize bei ya hadibodi mtaona ninachosema. Lakini mi sidhani ni bei tu. Mmeshawahi kuchora kwenye hadibodi iliyoandaliwa vizuri? Haichezi. Kanvasi inakupa na inakurudishia, ukibonyeza inaingia ndani, hadibodi imesimama kama meza, unaweza kuvuta mstari mwembamba kama uzi wa buibui na ukakaa pale pale ulipouweka. Na picha zake nyingi ndo zilivyo, nyuzi, nyufa, mishipa, vitambaa vilivyochakaa, maelfu ya vitu vidogo. Kwenye kanvasi yenye nyuzi nene nusu ya hizo ingepotea.

Alisema kitu kimoja ambacho wanakirudia sana, kwamba anataka kuchora kana kwamba anapiga picha ndoto. Lisikilizeni vizuri. Hakusema anachora ndoto. Anaipiga picha. Yaani mpiga picha wa zamani bado yumo humo. Unaota ndoto, ndani ya ndoto hakuna kitu kinachokuambia hii ni ndoto, ukuta ni ukuta, mlango ni mlango, aliyekufa anakuja anakaa mezani anaomba chumvi na unampa. Wale masarealisti wa Paris wa miaka ya 1920, waandishi na wachoraji waliofuata mambo ya ndoto, kina André Breton, walikuwa na azimio lao na mikutano yao. Huyu hakuwa kwenye kundi la mtu. Watu wamemuweka humo kwa sababu hawana pa kumuweka pengine.

Sasa tuje kwenye jambo lililonileta hasa.

Hakuzipa picha zake za rangi ya mafuta majina. Ukiona mtandaoni picha imeandikwa chini sijui kifo kinatambaa, sijui nini, jina hilo limewekwa na mtu mwingine. Na ukimuuliza hii ina maana gani hakujibu, na alikuwa hapendi kuulizwa. Mara nyingine alisema picha ambayo watu wanaiogopa yeye anaiona ina matumaini, au hata ina kichekesho ndani yake. Watu hawakumuamini. Mi namuamini.

Nawapa kisa changu. Nilikuwa nauza picha kwenye vibanda, mnavijua vile vya watalii, miaka ile nilikuwa bado kijana. Nilichora picha moja ya miguu ya watu kwenye tope, miguu tu, mvua imenyesha, watu wanasubiri gari. Niliipenda. Akaja mama mmoja mtalii akasimama mbele yake muda mrefu, nikaona kabisa imemshika, anaiangalia na haongei. Halafu akaniuliza, maana yake nini? Na mimi nikamjibu. Nikamwambia hiyo ni roho za mababu wa kabila letu wanarudi nyumbani wakati wa mvua. Ndugu zangu, haikuwa hivyo. Ilikuwa watu wanasubiri gari. Lakini nilishajifunza mtalii anataka nini, na nikampa. Alifurahi, akalipa, akaichukua. Na mimi nikabaki na hela mkononi najisikia kama nimemuuza mtu. Kwa sababu alikuwa anaiona picha yangu, anaiona kabisa, na mimi nikaitoa mbele ya macho yake nikamuwekea hadithi. Mpaka leo ile picha iko kwenye nyumba fulani Ulaya, na wanawaambia wageni wao ni roho za mababu.

Ni wangapi humu wamefanya hivyo? Msinyooshe mikono. Najua.

Ndo maana nilipokuja kusoma kwamba kuna mzee alikataa, kwamba watu walikuja na hela, wakaja na kamera, wakaja na vitabu, wakamuuliza maana yake nini na yeye akakataa maisha yake yote, nilikaa chini. Maana yake inawezekana! Inawezekana kumwachia mtu picha kama ilivyo.

Sasa wanasema alijifungia. Alikuwa mtu wa ndani, ni kweli, na tuiseme vizuri. Mwaka 1977 walihama Sanok wakaenda Warsaw. Kabla ya kuhama alichukua baadhi ya kazi zake akazitoa uani akazichoma moto. Hakuzipiga picha kwanza, hakuandika popote zilikuwa zipi, alizichoma tu zikaisha. Baadaye alisema nyingine zilikuwa za ndani mno, zinamhusu yeye, na nyingine hazikumridhisha, hakutaka watu wazione. Mtu anayetangaza kila kitu hawezi kulielewa hilo. Lakini wewe uliyewahi kugeuza picha ikatazama ukuta unaelewa kabisa.

Warsaw wakakaa kwenye flati, mtaa wa Sonaty, kwenye yale maghorofa yanayofanana yaliyojengwa wakati wa serikali ya kikomunisti. Na humo alikaa. Hakwenda kwenye maonesho yake mwenyewe. Miaka ya 80 kuna mwanasheria wa Paris, Mpolandi kwa asili, Piotr Dmochowski, alizipenda picha zake akajitoa sana, akazionyesha Ufaransa, akafungua hata galari Paris kwa ajili yake. Paris! Ndoto ya kila mchoraji. Mzee hakwenda. Alibaki flatini anachora, muziki wa klasiki umefunguliwa kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa hawezi ukimya. Hilo likumbukeni, hawezi ukimya. Mtu wa majini mngemtegemea akae gizani kimya na mshumaa. Huyu alikuwa na spika kubwa, alipenda mashine, kila kitu kipya cha kurekodi alikitaka, akarekodi familia yake mezani, wanakula, wanagombana, mabibi wanalalamika, kanda kwa kanda. Aliandika barua ndefu. Waliomjua wanasema alikuwa mpole, mwenye haya kidogo, na mcheshi, mkikaa naye anacheka. Uzeeni akajifunza kompyuta, akawa anatengeneza picha humo. Buibui ndo alikuwa anawaogopa sana. Na ukiangalia kile kitu kinachotambaa kwenye simu ya yule kijana wetu, miguu ile, utaona alikuwa anachora kitu anachokiogopa yeye, sio kitu cha kukutisha wewe.

Na Zofia. Mama zangu, dada zangu, mniwie radhi tumechelewa kumfikia. Mtu hawezi kukaa ndani miaka ishirini anachora bila kutoka kama hakuna mwingine anayetoka kwa niaba yake. Kwenye ile flati walikuwepo bibi wawili, mama wa huyu na mama wa yule, wazee wa kuuguzwa. Kulikuwa na kijana wao Tomasz, amezaliwa 1958, anakaa jirani, ana moyo mzito tangu ujana, kumlea ilikuwa kazi ya kila siku ya mama yake. Nani alipika? Nani alifungua mlango? Nani alikaa na wazee? Kila nikiona ile mistari myembamba kwenye hadibodi, saa kwa saa kwa saa, nauliza hizo saa zilitoka kwa nani. Sisemi mzee alikuwa mtu mbaya kwake, hapana, walipendana na walikaa pamoja miaka arobaini na saba. Nasema tu zile saa zilikuwa za watu wawili na chini ya picha hakuna jina la mmoja wao. Na humu ndani tunao kina Zofia, na wengine ni waume wa wachoraji wa kike, nao pia nawasalimu.

Sasa yule kijana atasema, mwalimu, na vile vifo? Nakuja.

Zofia alifariki Septemba 1998. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Desemba 1999, mkesha wa Krismasi, Tomasz alijitoa uhai. Alikuwa mtangazaji wa redio, watu wa Poland walimpenda sana, walikuwa wanakaa macho usiku kumsikiliza anavyowachagulia muziki, na alitafsiri filamu. Baba yake ndo aliyemkuta, siku ya Krismasi yenyewe. Naomba hapo tusiongeze neno, kuna watu humu wamezika watoto.

Baada ya hapo mzee akabaki peke yake kwenye flati. Ukutani alikuwa amebandika bahasha, juu yake ameandika kwamba ni ya Tomek endapo yeye mzee atakufa. Tomek ni Tomasz kwa jina la nyumbani. Mtoto ameshatangulia, na ile bahasha bado iko ukutani inamsubiri.

Tarehe 21 Februari 2005, zimebaki siku tatu atimize miaka 76, aliuawa humo humo flatini kwa kuchomwa kisu. Aliyefanya hivyo ni kijana wa miaka 19, mtoto wa mtu aliyekuwa akiwasaidia kazi kwa miaka mingi, mtu wa nyumbani kabisa. Alikuja kuomba akopeshwe hela, zloti mia kadhaa, zloti ndo hela ya Poland, mzee akakataa. Ndo hivyo. Alishtakiwa akafungwa miaka 25.

Sasa niambieni, jini liko wapi hapo? Zile picha mnazotumiana, ile inayotambaa, yale makanisa ya mifupa, ni za miaka ya 70 na ya 80. Hesabuni wenyewe. Zofia yuko hai, Tomasz yuko hai, bibi wawili wako jikoni wanalalamika, muziki umefunguliwa. Zile picha zimechorwa ndani ya nyumba yenye watu! Vifo vimekuja miaka kumi na tano, miaka ishirini baadaye. Mke alikufa kama wake za watu wanavyokufa. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, na huo ugonjwa uko pia kwenye nyumba ambazo ukutani wametundika maua na farasi. Na mzee aliuawa kwa ajili ya mkopo. Mkopo! Kuna mtu hapa Arusha hajasikia kisa cha namna hiyo? Tunapoliachia jini hiyo kazi tunawasamehe watu. Na tunamnyima huyu mzee kitu pekee alichokitaka, kwamba mtu asimame mbele ya picha aiangalie yenyewe.

Walimrudisha Sanok. Amezikwa kwao, yupo na Zofia na Tomasz. Na vyote alivyokuwa navyo aliviacha kwa makumbusho ya Sanok, ambayo iko ndani ya ngome ya zamani juu ya mto. Mkusanyo mkubwa kuliko wote wa kazi zake uko hapo, maelfu ya kazi, hauko Paris, hauko New York, uko kwenye mji mdogo wa mpakani, mji wa kile kiwanda cha mabasi. Kwa hiyo mtu akitaka kumuona vizuri lazima apande gari aende Sanok.

Namaliza ndugu zangu. Nimeprinti picha moja kubwa kadiri nilivyoweza, iko nyuma ya lile shuka pale ukutani. Ni watu wawili wamekumbatiana. Wamekaa chini, wamekonda, hujui ngozi inaishia wapi na mfupa unaanzia wapi, mikono ya huyu imezama mgongoni kwa yule. Siongezi zaidi ya hapo.

Msije wote kwa pamoja. Njooni watano watano, kaeni mbele yake kadiri mnavyotaka, mtu asimuulize mwenzake maana yake nini. Wewe kijana wangu njoo wa kwanza. Simu weka mfukoni. Na fundi wa muziki, naomba usituwekee ukimya, fungua spika, ongeza sauti, zaidi, zaidi hapo.

Haya, toeni shuka.